Moshi wa Ndege

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, na kabla sijaenda mbali nataka kujua afya yako. Kifua chako kile kinachochukia baridi kinaendeleaje? Wifi yangu hajambo? Na huyo bwana mdogo mliyempata, ambaye mimi shangazi yake sijambeba hata mara moja, ameshaanza kukaa bila kuegemezwa? Mbusu mashavu yote mawili, na umwambie mashavu hayo ni ya kwetu, asije akadanganywa na watu wa upande wa mama yake.

Sisi huku tunapumua. Shemeji yako anakohoa kidogo kwa vumbi la karakana, lakini sahani anaimaliza na anaulizia ya pili, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Wapwa zako wamerefuka, nguo zote zimekuwa fupi, na mimi mama yao fundi cherehani nawashonea wao mwisho, maana wateja ndio wanaolipa. Bado niko kwenye kile chumba changu karibu na kituo cha mabasi, napunguza suruali za waliokonda na kuongeza za walionenepa. Mwili hauniumi popote. Moyo ndio unaoniuma, sikufichi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nifanyeje, Kitinda? Simu hupokei. Nimepiga mpaka nimejiona kama mtu anayekudai. Nimekutumia ujumbe, nikaona kabisa kwamba umeusoma, ukanyamaza. Ndipo nikamwangukia wifi, akanipa anwani na akaniahidi kwamba barua atakuwekea mkononi yeye mwenyewe na atasimama hapo mpaka uifungue. Tafadhali usimgombeze. Ana roho nzuri kuliko yako na yangu zikiunganishwa.

Wifi huyo huyo ndiye aliyeniambia kwamba karatasi zako za ukaazi zimetoka. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani, halafu nikakaa juu ya marobota ya vitambaa nikalia mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka kimya kimya. Nilikuwa naingojea habari hiyo kuliko unavyodhani, na sababu yake utaipata humu humu. Lakini wifi aliniambia pia ulichosema siku hiyo. Kwamba sasa ruhusa ya kusafiri unayo ila huna mtu wa kumsafiria. Kwamba mama aliipenda hewa kuliko alivyokupenda wewe, na nyumba yetu umeshaifuta kichwani. Maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba. Mama amelala ardhini, hawezi kujitetea, na mimi siwezi kukuacha uishi na kinyongo juu ya mtu asiyeweza kukujibu. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Sasa vuta kiti.

Nianze na mazishi, kwa kuwa hukuyaona, na najua aliyekusimulia ni Mjomba, na Mjomba akisimulia jambo lazima yeye awe katikati.

Mama alikuwa ameniachia maagizo yake mapema, tena kwa sauti ya mtu anayeagiza sabuni dukani. Hakutaka chupa za maji za plastiki kwenye msiba wake. Hakutaka sahani za kutupa wala vikombe vya kutupa. Hakutaka maua ya plastiki juu ya kaburi, kwa kuwa alisema yeye ataoza kistaarabu na hapendi kulala chini ya kitu kisichooza. Aliniambia kwamba alifagia taka za watu tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na jambo moja alilojifunza ni kwamba taka haziondoki, zinahamishwa tu kutoka kwa mwenye sauti kwenda kwa asiye na sauti. Nikamwambia mama, jamani, watu watatusema. Akanijibu kwamba yeye hatakuwepo kuwasikia, kwa hiyo kazi ya kusikia ni yangu.

Unamjua. Ulimwita Mama Zima Taa kabla mtaa mzima haujaanza kumwita hivyo. Wewe na mimi tulilelewa kwenye nyumba ambayo maji ya kuoshea mboga yalioshea sakafu, na ya kuoshea sakafu yakaenda chooni. Mifuko ya plastiki ilifuliwa na kuanikwa kwenye kamba katikati ya mashati yetu ya shule, wenzetu wakipita wanacheka, na wewe unajifanya hiyo siyo kwenu. Maharage yakichemka kidogo tu aliepua sufuria akaifunika kwa blanketi ndani ya kapu yajiivishe yenyewe, na ole wako ufunue kuchungulia. Maganda yote yalikwenda kwenye pipa la mboji nyuma ya nyumba. Birika hakulijaza hata siku moja. Alipima maji kwa vikombe vya walio ndani, na mgeni akiingia ghafla alinywa chai ya mama. Wewe ulikuwa unaoga kama unazima moto, na yeye anagonga mlango wa bafu akiuliza kama umepata ajira ya kumwagilia mtaa.

Wala hakuwa bahili, ingawa watu walimsema hivyo. Bahili hamgawii mtu. Yeye alizunguka yale maofisi usiku na mchana akisafisha, anakuta taa zinawaka ghorofa nzima na hakuna hata panzi, mabomba yanadondoka, karatasi zimeandikwa upande mmoja zimetupwa. Akazima, akafunga, akaziokota karatasi ndizo tukafanyia hesabu. Alisema mtu ukishaona kitu kinapotea bure huwezi tena kujitia hamnazo.

Basi siku ya msiba asubuhi Mjomba akafika na gari la mizigo. Limejaa makatoni ya maji ya chupa, sahani nyeupe za kutupa, na mashada ya maua ya plastiki yenye riboni ya dhahabu. Akatangaza mbele ya watu kwamba wewe ndiye uliyetuma fedha na ndiye uliyeagiza dada yake azikwe kwa heshima. Nikamwita pembeni nikamweleza maagizo ya marehemu. Akaja juu. Akasema mimi ni mtoto wa kike, mwenye mji ni wewe, na wewe umeshaamua. Halafu akaniambia jambo ambalo nadhani hukutaka nilijue. Alisema alipokuuliza kama utakuja, ulimjibu kwamba hutaki kuchafua hewa ya mazishi.

Kitinda, sikukukasirikia. Nilijua unaumwa wapi na nani aliyekuumiza, na nilikuwa na dawa yako mdomoni, na sikuruhusiwa kuitoa. Utaelewa muda si mrefu.

Nikamwambia Mjomba anisamehe sana, lakini makatoni hayashuki. Akasema yatashuka. Shemeji yako, ambaye unamjua hapendi kelele, akaenda akakaa juu ya mzigo, akawasha redio yake ndogo. Mjomba hakuweza kumwondoa. Tukabaki hivyo, watu wanatutazama, na mimi kwa kweli sikujua wageni watanywea nini, maana vikombe vya nyumbani havikutosha hata safu ya kwanza ya viti.

Ndipo wakaanza kuingia wanawake wa mtaa. Kila mmoja ameshika kikombe chake. Wengine wamekuja na sahani kwapani, chini yake wametia alama ya rangi ya kucha ili kila chombo kirudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyewaambia. Yule mama muuza mkaa, ambaye mama alimgombeza miaka nenda rudi kwa sababu ya miti, alikuja na bakuli la bati lililobonyea, akasema hataki marehemu amfokee hata leo. Watu wakacheka msibani, nakwambia, wakacheka huku wanafuta machozi. Hata Mjomba mwishowe alikunja mikono ya koti akasimama kwenye beseni akawa anaosha vikombe, amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari, lakini aliosha na aliosha vizuri. Makatoni yalirudi dukani kama yalivyokuja. Fedha yako nimeiweka, utaniambia nifanye nini nayo.

Walikuulizia, usidhani hawakukuulizia. Kila aliyenipa mkono wa pole aliangaza macho kumtafuta kitinda mimba. Nikasema yuko mbali, kazi zimembana. Mama mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba watoto wa siku hizi hawana huruma. Nilimtazama mpaka akaona haya, lakini kumjibu sikuweza. Kama ningemjibu ingenibidi niseme yote.

Tangu hapo nyumba ya mama tumeisafisha. Unajua ni kazi ndogo ajabu kuhamisha vitu vya mtu asiyetupa wala asiyelimbikiza? Nilidhani nitakuta marundo. Hakuna. Nguo chache, kila moja na kiraka chake, viraka vingine nilishona mimi nikiwa najifunza, vimepinda, na hakuvifumua. Betri zilizokwisha alizitia kwenye kopo, alikuwa akizipeleka kwa fundi redio zisije zikatupwa penye maji. Miche yake majirani wameigawana. Mboji nimeichukua mimi kwa toroli, na mwanangu wa kike akatembea mita nyingi nyuma yangu ili watu wasijue tunajuana. Nikakukumbuka wewe na mifuko ya plastiki kwenye kamba.

Nikueleze na hili, ingawa litakuchekesha. Yale yote tuliyokuwa tunayakimbia sasa nayafanya mimi. Sikukusudia. Najikuta nimeweka ndoo chini ya bomba. Najikuta natembea kwenda kazini badala ya kupanda gari, napita njia ile ile aliyopita mama, ya nyuma ya ghala. Vipande vya vitambaa vinavyobaki sivitupi tena, nashona mifuko ya sokoni na kuwapa wateja, na wateja wakaanza kuja na mifuko hiyo bila kuambiwa. Shemeji yako anasema ameoa mke mmoja akaletewa mama mkwe ndani ya mwili wake. Tunacheka. Halafu naenda kufunga bomba, nakuta nimelishika tu, silifungi, nimesimama nalia. Sababu ya maji kunitoa machozi siijui. Nadhani ni kwa kuwa kila nikifunga bomba nasubiri sauti ya kunisifu nyuma yangu, na haiji.

Basi. Nimekuzungusha vya kutosha, na mimi mwenyewe najizungusha. Tufike penyewe.

Unaikumbuka siku uliyopiga kumwambia mama kwamba unakuja. Ulikuwa umemsikia akikohoa mara iliyotangulia, na sauti imepungua, ukaingiwa na shaka. Ulimwambia umeshaulizia tiketi. Ukamwambia pia, kwa kuwa hujui kuficha jambo, kwamba faili lako lilikuwa bado mezani kwa wakubwa, na ukitoka nje ya nchi hiyo kabla halijakamilika linafungwa, na mlango wa kurudi unafungwa nao. Ukasema potelea mbali, mama ni mama. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa, yuko kwenye kile chumba cha kioo cha watoto njiti, na wifi hana ndugu huko.

Mama akakuambia yeye ni mzima. Hukuamini. Akakuambia kikohozi ni vumbi. Hukuamini. Ukasema unataka kumwona uso, awashe picha. Akakataa kama alivyokuwa amekataa kwa miezi, kwamba simu za picha zinakula umeme bure na sauti inatosha. Ukakasirika, ukasema hata uso wa mjukuu wake hautaki kwa sababu ya umeme? Ukasema basi umekata shauri, unapanda ndege.

Ndipo akakuambia lile neno. Kwamba usije. Kwamba amesikia redioni jinsi ndege zinavyochafua hewa, na ndoo zake zote za maji na taa zote alizozima tangu ujana wake wewe utazifuta kwa safari moja ya kuja kumtazama mtu mzima asiye na tatizo. Ukamwuliza, nilikusikia vizuri kwa kuwa simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, ukamwuliza kama amewapima moshi na mwanawe, na moshi ndio umeshinda. Akajibu kwamba umemsikia. Ukakata simu. Hukupiga tena mpaka anaingia kaburini.

Sasa sikiliza nisemayo, mdogo wangu.

Simu ile niliishika mimi. Niliishika kwa sababu mikono yake ilikuwa haiwezi tena kuinua kitu. Mama alikuwa na saratani ya tumbo. Daktari alikuwa ametuambia kitambo, na alisema wazi kwamba hakuna cha kukata wala cha kutibu, tumtunze tu asiumie sana. Hukumwona kwenye picha kwa sababu kama ungemwona ungepiga ukelele. Alibaki macho na mifupa. Nguo zake nilizipunguza mimi kwa cherehani yangu, nikazipunguza tena, mpaka nikaishiwa pa kukunja. Umeme haukuhusika hata kidogo. Picha za mtoto alizozituma wifi alizitazama mchana kutwa, akiniamuru niikuze ile ya vidole, na nilipomkumbusha kwamba chaji inakwisha alinijibu ikiisha nichaji, nina mdomo wa nini.

Alikuwa amejaribu uongo wa kawaida na wewe hukuukubali. Nilimwona akitafuta. Macho yake yalikuwa yanazunguka dari kama mtu aliyepoteza ufunguo na mgeni yuko mlangoni. Alihitaji sababu moja tu ambayo wewe ungeiamini ikitoka mdomoni mwake, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye mwanawe angemwamini kwa sababu kama hiyo. Akaitumia.

Ulipokata aliniuliza jambo moja. Aliuliza, "Ameamini?"

Nikamwambia ameamini, na amekasirika vibaya sana, na mimi nakupigia sasa hivi nikueleze ukweli. Nilikuwa nimeshaibonyeza. Mkono ule ambao haukuweza kushika kikombe ulinidaka kifundo cha mkono, sijui nguvu alizitoa wapi. Akaniambia niache. Akasema maneno haya, nami nayaandika kama yalivyotoka, maana nimeyarudia kichwani kila siku yasije yakapotea: "Akinionea huruma atakuja, na akija wamemfungia mlango, na mtoto yuko upande wa pili. Akinikasirikia atabaki. Mwache anikasirikie."

Nilimwambia mama, huo ni ukatili, unajifanyia ukatili mwenyewe. Akasema ukatili wenyewe hauna siku nyingi, utakwisha pamoja naye. Halafu akageukia ukutani. Tangu baba atutoke sikuwahi kumwona mama akilia mbele yangu, na hata siku hiyo hakunipa uso wake, lakini mabega niliyaona.

Baadaye, nilipokuwa namlowesha midomo, alisema kinachomwuma zaidi ni kwamba mambo ya maji na taa na hewa alikuwa anayasema kwa moyo mweupe, na sasa ameyatumia kumfukuza mwanawe. Aliogopa utayachukia. Aliogopa utakuwa ukiona mtu anazima taa unaona mtu asiyependa watoto wake. Niliapa mbele yake kwamba sitakuambia mpaka karatasi zako zitoke, na akanitaka nirudie kiapo hicho mara mbili, maana alijua nina domo. Basi nimekaa nalo. Nimekaa nalo msibani, nimekaa nalo ukinikatia simu, nimekaa nalo Mjomba akinifokea na majirani wakikusema. Karatasi zimetoka. Nimefunguliwa.

Kuna siku chache za mwisho ambazo simu ya mtu yeyote ikilia barabarani aliinua kichwa. Nikawa naificha yangu chini ya mto isimsumbue. Akaniambia niitoe, niiweke pale anapoiona. Sitakuficha hilo. Alikungoja. Alijua mwenyewe kwamba amefunga mlango, na bado alikuwa anautazama.

Aliniachia salamu moja ya kwako, nikukabidhi siku nitakayokuambia haya. Alisema, "Mwambie mama yake alimdanganya. Mwambie kama ingekuwa hiari yangu ningemtaka aje hata kwa ndege yake peke yake, na hewa ingechafuka tu, nisingejali." Akapumzika kidogo, akaniambia nisilisahau hilo la mwisho, la kutojali. Sijalisahau.

Hayo ndiyo yote, Kitinda. Sina lingine nililoficha. Kama unataka kunikasirikia mimi kwa kunyamaza, nikasirikie, mabega ninayo. Lakini yeye mwache. Hakuipenda hewa kuliko wewe. Hakupenda kitu chochote kuliko wewe, na mimi niliyebaki hapa nikimlisha na kumwogesha nakuambia hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu.

Sikuiti uje haraka. Kaa na mkeo, mle, mtoto anenepe. Ukiwa tayari utakuja, kwa ndege, kwa meli, kwa miguu, shauri yako, na ukifika nitakupeleka alipo na nitakuacha naye peke yako kadiri utakavyo. Ukimaliza kuisoma barua hii usinipigie papo hapo. Lia kwanza. Mwache wifi akushike. Halafu piga, wakati wowote, nitapokea hata nikiwa katikati ya mshono.

Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama huko kweli watu wanatupa redio nzima. Wapwa zako wanakusalimu, mkubwa anataka viatu na mdogo anataka uje tu. Mjomba hajanituma salamu, lakini najua anakukumbuka, maana amekuulizia kwa shemeji yako akidhani sisikii. Majirani wote wanakusalimu, hata yule mwenye kunong'ona. Msalimie sana wifi yangu, umwambie namshukuru kwa kusimama hapo.

Mimi dada yako, mtoto wa kwanza wa mama aliyekutaka uje.